Mfalme wa Kupigwa Jozi

Shabo Amedi alikuwa mtumishi wa chuo chetu cha Torati. Ndiye aliyefagia, ndiye aliyebeba madebe ya mafuta ya taa kujaza majiko ya kuotea moto madarasani, ndiye aliyezibua vyoo, na ndiye aliyepanda juu ya paa mvua za Yerusalemu zilipoanza kuwadondokea watoto vichwani. Mwili wa kubebea magunia, uso mpana, masharubu meusi ya kutisha, na ndani yake, jamani, mtu laini ajabu. Paka akifa kwenye uchochoro wetu Shabo alikosa raha siku nzima. Na mtu huyo, kila mwaka, siku ya mwisho ya Hanuka, sikukuu yetu ya taa, ndiye aliyefanywa Antioko, mfalme mwovu aliyelinajisi Hekalu zamani.

Desturi ya chuo ilikuwa hivi. Siku zote nane watoto wanazungusha pia, ile ya mti yenye herufi ubavuni, na wanachezea jozi, zile kokwa za kula zenye ganda gumu. Pia ikilalia herufi njema unazoa zote, ikilalia mbaya unatoa zako. Siku ya mwisho, taa zote zikishawashwa, mfalme anatoka nyuma ya pazia na taji la karatasi, anawatukana Wayahudi, anapiga teke madhabahu ya maboksi, na watoto wanamrushia zile jozi walizoshinda mpaka aanguke afe. Jozi na maganda yake, si zilizomenywa! Nani alianzisha upuuzi huo sijui, na kama bado yu hai ningependa kumtandika. Wazazi wanakaa nyuma, wanatafuna maandazi ya jamu na kucheka hadi machozi yanawatoka.

Miaka ya mwanzo Shabo naye alicheka. Alikuwa hana mtoto, na vijana wa watu kumzunguka wakipiga kelele kulimfurahisha. Akirudi nyumbani mkewe, Hazale, humkanda uvimbe kwa kitambaa cha maji moto huku akilaani.

"Na hao ndio wanaofundishwa dini?"

"Waache, Hazale. Watoto hao."

"Watoto! Tazama sikio lako. Limekuwa kama andazi."

Kisha, walipokuwa wameshakata tamaa na majirani wameacha kuuliza, akazaliwa Nahum. Mtoto mwembamba, macho makubwa, mwoga wa mbwa na wa radi. Shabo alimbeba mabegani hadi umri ambao watu walianza kumcheka. Mwaka alioingia darasa la kwanza, Shabo aliamka kabla ya alfajiri akafagia darasa lile mara mbili.

Hanuka ikakaribia. Jioni moja Nahum alirudi nyumbani kamasi zinamtoka, akasimama mbele ya baba yake na kofia yake ndogo mkononi.

"Baba, ni kweli ulichinja nguruwe Hekaluni?"

Hazale alitaka kucheka, akauona uso wa mtoto, kicheko kikamkauka.

"Nani kasema?" Shabo aliuliza.

"Gavri. Anasema wewe ndiye mfalme. Mimi mwana wa mfalme. Hakuna ruhusa kukaa benchi moja na mwana wa mfalme, wala kumpa maji. Wote wanasema hivyo."

Gavri huyo alikuwa mtoto wa mwenye duka la vitambaa, mkubwa wa umbo, na alichosema yeye uani ndiyo sheria. Shabo alieleza kwamba ni mchezo tu, kwamba mfalme mwenyewe alikufa zamani sana, kwamba taji ni la karatasi. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa kwa nini wakuchague wewe?"

Kesho yake alikwenda kwa Rabi Yekutiel, mkuu wa chuo, akasimama mlangoni na ufagio wake.

"Rabi, mwaka huu naomba mnipumzishe na ufalme. Nitavuta pazia. Nitakaanga maandazi. Chochote."

"Shabo! Watoto wanamsubiri Antioko mwaka mzima."

"Mwanangu yuko darasa la kwanza, Rabi. Wanamtesa."

"Watoto wanataniana, ndivyo wanavyokua." Rabi alikuwa anatabasamu, tena tabasamu zuri, la baba kwa mtoto. "Na tuseme kweli, nimpe nani? Mwalimu Ovadya, na vile vimiguu vyake? Uso kama wako Mungu anampa mtu kwa sababu. Ukiona umechoka na kazi zetu, niambie tu, mlango huu wanaugonga wengi."

Shabo akasema hapana, hajachoka. Akarudi kufagia.

Aliyempa nguvu ni Nahum mwenyewe. Walikuwa wanakula supu, mara mtoto akasema, "Baba, nikizishinda jozi zote, hawatakuwa na cha kukurushia." Shabo aliweka kijiko chini, akatoka uani kana kwamba anakwenda kuchukua mafuta ya taa. Alikaa huko nje kwenye mvua akalia. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kufikiria kumkinga.

Basi akatengeneza pia. Alichonga mti wa mzeituni, akaulainisha kwa kioo cha chupa, na katika ubavu mmoja akatoboa kitundu, akatia punje ya risasi, akaziba kwa nta. Ilikuwa inalalia herufi njema mara nyingi kuliko haki. Wizi huo, tusiupambe. Shabo mwenyewe alijua, na siku zile aliposali alikuwa anapita haraka haraka maneno yanayohusu waongo.

"Usimpe mtu aishike," alimwambia mwanawe. "Waambie ni ya babu."

Siku ya kwanza wale wakubwa walitaka kumfukuza. Gavri akaona mfuko wa Nahum umejaa jozi alizonunuliwa na Shabo, akasema, "Mwacheni aingie, tumkamue." Walimkamua wapi! Kufika siku ya tatu mfuko haukutosha, Hazale akampa foronya. Siku ya sita foronya ilikuwa inaburuzwa. Shabo alikuwa anapita pale koridoni na ndoo yake, mara tano, mara kumi, sakafu imeshang'aa bado anapiga deki. Pia ikilala vizuri, moyo unamruka. Usiku Nahum alilala ameikumbatia ile foronya, na Shabo alimfunika akamwambia mkewe, "Simba huyu, Hazale. Tumezaa simba."

Siku ya nane ikafika. Ukumbi umejaa, madirisha yametoka jasho kwa pumzi za watu, taa zote za mafuta zinawaka mezani na watoto wanaimba. Shabo yuko nyuma ya pazia na taji lake, masharubu yamepakwa masizi yazidi kutisha. Alichungulia kwenye tundu. Gavri alikuwa amepindua mifuko yake nje, mitupu. Kila mtoto mifuko mitupu. Foronya yote iko mapajani pa Nahum, aliyekaa peke yake mwisho wa benchi. Shabo alicheka kimyakimya. Mwaka huu mfalme atakufa kwa uzee, alijisemea.

Ndipo akamwona Gavri ananyanyuka. Alikwenda akaketi karibu na Nahum, akamwekea mkono begani.

"Nahum, ndugu yangu."

Nahum akaibana foronya kifuani.

"Sisi tulikuwa tunakutania tu, bwana. Wewe ndiye bingwa. Njoo ukae kati yetu." Akamnong'oneza mengine ambayo Shabo hakuyasikia. Watoto wengine wakasogea, wakamzunguka, mmoja akamwokotea kofia iliyokuwa imeanguka, na mwingine akampa nusu ya andazi lake.

Nahum aliangalia pazia. Kisha akafungua mdomo wa foronya.

Aligawa kwa konzi. Wakapanga foleni. "Na mimi, Nahum! Nahum, mimi bado!" Jina lake lilikuwa linaitwa kila upande, na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo Shabo hakuwahi kuiona, si nyumbani, si popote. Alimtazama mwanawe akigawa mpaka foronya ikalegea. Pazia likavutwa.

"Mimi ni Antioko!" akanguruma. "Zimeni taa zenu! Chomeni vitabu vyenu!" Akapiga teke maboksi, na jozi zikaanza. Zilimpata kifuani, mdomoni, kwenye mifupa ya vidole alipojikinga. Ajabu ni wingi wake, mwaka ule zilikuwa hazina mwisho, maana zote zilitoka mfuko mmoja. Taji likaruka. Wazazi nyuma walikuwa wanapiga miguu chini. Shabo alianza kupiga magoti, kwa kuwa ameumia kweli na angeweza kufa pale watu wakaridhika, akamwona Nahum amesimama mbele na jozi moja mkononi, hajairusha.

"Rusha!" Gavri alimpigia kelele sikioni. "Rusha, au wewe bado ni mwanawe?"

Shabo alielewa. Akianguka sasa, mtoto hatarusha, na kesho atarudi mwisho wa benchi. Akajiinua. Alisogea karibu, kwa sababu mkono wa mtoto ni mdogo, akanguruma kuliko mwanzo, "Kidudu gani hiki kinachothubutu kusimama mbele ya mfalme?"

Nahum akafumba macho akarusha.

Ilimpata chini ya jicho, ngozi ikapasuka. Shabo alishika uso akazunguka, akapepesuka huku na huku, akaangusha kiti, akaanguka kifudifudi na kutupa miguu. Ukumbi ulilipuka. Alipolala pale vumbi puani alisikia wanamnyanyua Nahum mabegani, wanaimba jina lake, na kicheko cha mtoto wake juu ya vichwa vyote.

"Hujawahi kufa vizuri namna hii," Rabi Yekutiel alimwambia baadaye akimpa andazi. "Na ulitaka kuacha ufalme? Nani angetupa kifo kama hicho?"

Watu wakatoka. Shabo alifunga kitambaa usoni, akachukua ufagio, maana nani mwingine angefagia. Jozi zilikuwa zimetapakaa hadi chini ya meza ya taa. Nahum akaja mbio, mashavu mekundu, Gavri na wenzake wanamngoja mlangoni. Alitazama kitambaa chenye damu, akatazama pembeni upesi.

"Baba, usizitupe." Akamwachia foronya miguuni. "Zikusanye zote. Gavri anasema mwakani mimi ndiye nitakayegawa tena."

"Nahum! Twende!" waliita mlangoni.

"Na usife haraka, Baba. Wengine hawakupata zamu."

Akaondoka mbio. Shabo alisimama kidogo na ufagio wake, kisha akapiga magoti, akafungua mdomo wa foronya, akaanza kuziokota.