Shikamoo kwa Redio

Juzi nimemkuta mlinzi ameanika betri za tochi juani, nikamkumbuka bibi kule Nakwa. Naye alianika za redio siku mama, aliyekuwa mbali, alipotutumia kaseti yenye sauti yake.

Mama alipoanza tu kuongea nikasema, "Shikamoo mama," nikainamisha kichwa mbele ya spika anishike utosini, kama kawaida yetu. Yeye akaendelea kuulizia mahindi.

"Marahaba, mwanangu!" binamu yangu akaitikia, kabana pua. Nikamzaba kibao.

"We! Acha hizo!" Bibi akazima redio, akaniwekea mkono kichwani. "Marahaba, mjukuu wangu."

Ulikuwa mkono mzito. Wa mama ulikuwa mwepesi.