Nafasi ya Saa ya Kutoka

Askari wa geti letu amepaka viatu rangi nyeusi, na mimi, niliyetoka kununua mkate tu nirudi kujifungia ndani, nimesimama nanusa kama mbwa.

Geti la kambi ya polisi kule Nsambya lilinuka hivyohivyo. Nilizaliwa humo kambini, baba akiwa polisi. Wazazi walipoachana, mama alinihamishia Bwaise, na Jumamosi yangu ya kwanza ya kumtembelea baba, askari wa zamu alinisukumia kitabu cha wageni.

“Afande, mimi ni wa hapa,” nikasema.

“Wa hapa ni baba yako. Wewe siku hizi ni mgeni, tena mgeni mkubwa! Andika jina, mheshimiwa.”

Akacheka. Nikaandika.

Kesho yake jioni baba alinirudisha getini. Mama alikuwa anangoja ng’ambo ya barabara, hawakusalimiana.

“Mheshimiwa, andika saa ya kutoka,” askari akasema.

Niliinama, nikajifanya naandika, nikafunga kitabu haraka. Nafasi ile niliiacha tupu, ili atakayekisoma ajue kwamba bado niko ndani, kwa baba.