Paa Moja Nyuma ya Jiwe

Antoni alikuwa mchoraji wa mabango mtaani Mirongo, mjini Mwanza, na alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kwa mteja yeyote: hakuchora kitu asichokiona kwa macho yake. Mwenye mgahawa aliyetaka picha ya samaki aina ya sato alilazimika kumletea sato.

Mwaka 1974, watu wa kitongoji alichozaliwa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kivuko cha Kigongo, walihamishiwa kijiji kipya. Mapaa ya nyumba zao yaling'olewa ili wasirejee. Mama yake, Dorotea, alivumilia kijijini siku kumi na moja, kisha akarudi kimyakimya. Aliezeka upya kibanda chake kilichojificha nyuma ya jiwe kubwa, akawa anapika alfajiri tu, ukungu wa ziwa ukiwa haujainuka, ili moshi usionekane. Mgambo walipita chini ya jiwe lile mara mbili bila kumgundua.

Antoni alikwenda kumsalimu. Alipoziona kuta zisizo na mapaa, na vichaka vya minyaa vilivyoanza kuziba milango ya maboma, aliingiwa na hofu kwamba pahali pale pangesahaulika. Akarejea mjini, akatandaza kitambaa cha marekani, akachora kitongoji kizima: kila boma na ua wake, kila njia ya kuteremkia majini. Mapaa hakuyachora, kwa kuwa hayakuwapo. Alichora moja tu, nyuma ya jiwe, na uzi mwembamba wa moshi juu yake.

Picha ilitundikwa katika maonyesho ya Sabasaba ya mwaka uliofuata. Watu wa kwao walionyeshana maboma yao kwa vidole, baadhi walilia. Kisha akafika Ndugu Rutashobya, ofisa wa operesheni hiyo ya kuwahamisha watu, mtu mpole na mpenda picha.

"Ndugu mchoraji, kazi safi. Lakini hii ya nyuma ya jiwe mbona ina paa?"

Antoni aliigeukia picha yake.

"Umeitunga, sivyo?" Rutashobya akacheka, akawageukia wenzake. "Wachoraji hawa! Penye pengo wanajazia tu."

Jibu alikuwa amekwisha kupewa. "Ndiyo" moja ingetosha. Lakini Ngosha, fundi viatu wa Mirongo, alikuwa amesimama karibu, naye akadakia: "Kumbe Antoni nawe unatunga! Na yule sato wa mgahawani, ulimwota?"

Kicheko cha watu kilimchoma.

"Mimi sichori nisichokiona," alisema.

Rutashobya alimpa mkono, akamshukuru.

Siku ya tatu mgambo waliifuata njia ile ile iliyochorwa, wakalizunguka jiwe, wakakichoma kibanda. Dorotea alipakiwa kwenye lori pamoja na kuku wake wawili. Wa tatu alikuwa ndani, akiatamia.

Mwezi uliofuata Antoni aliagizwa kwenda kijiji kipya kuandika namba milangoni. Nyumba zilisimama katika safu zilizonyooka, zikifanana zote. Ya arobaini na mbili ilikuwa ya mama yake. Alikuwa ameketi kizingitini, akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi."

Hakuinua uso. Alisogeza ungo kando ili ampishe afike mlangoni.

"Iandike kubwa, isomeke toka mbali. Safari hii wasisumbuke kunitafuta."

Antoni alichovya brashi, akaandika kubwa, kama alivyoambiwa.