Sauti iliyompandisha tena Chokaa ngazini

Saa mbili asubuhi, jua limeshaupiga ukuta wa mashariki wa jengo la ghorofa nne, na fundi rangi ambaye kila mtu hapa anamwita Chokaa amesimama juu kabisa ya jukwaa la mabomba, ameipa barabara mgongo. Mkanda wa usalama umemkaa kiunoni. Rola inapanda, inashuka, inapanda tena. Kila inaposhuka, anavuma puani sauti moja nzito, ndefu, isiyo na maneno.

"Chokaa, redio yako leo ina stesheni moja tu?" anamtania mwenzake kutoka chini.

"Na hiyo moja inatosha," anajibu bila kugeuka.

Mwenzake huyo, anayekoroga rangi kwenye ndoo kwa kipande cha ubao, ndiye mfupi kuliko mafundi wote katika jengo hili, na kwa sababu hiyo hiyo wanamwita Mrefu. Wawili hao wamefanya kazi pamoja tangu hawajaoa.

Ukimwona Chokaa huko juu, huwezi kuamini kwamba kwa karibu miaka mitatu mtu huyu hakuthubutu kupanda hata kiti ili abadilishe taa ya sebuleni kwake.

Anashuka wakati wa chai na kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ana umri wa miaka arobaini na tisa. Kichwani ameanza kupata mvi, ingawa si rahisi kujua ipi ni mvi na ipi ni rangi.

"Ule ubao ulilia kwanza," anasema, akianza kusimulia siku aliyoanguka. "Ulifanya 'ka!' Hivyo tu. Halafu nikajikuta sina kitu chini ya miguu."

Walikuwa wakipaka ghorofa ya pili ya nyumba ya mtu. Ubao wa jukwaa ulikatika upande wake. Mrefu, aliyekuwa upande wa pili, aliwahi kushika bomba na kuning'inia. Chokaa alikwenda moja kwa moja hadi chini, akatua juu ya rundo la mchanga wa ujenzi. Alivunjika mguu na mfupa wa mtulinga.

"Ule mchanga ndio ulioniachia roho yangu," anasema. "Mifupa ikaunga, nikarudi kutembea. Watu wakanipongeza. Hawakujua kwamba ndani bado naanguka."

Sauti ya ubao ilimfuata nyumbani. Upepo ukipiga mlango, anatoka jasho. Mfuniko wa sufuria ukidondoka jikoni, moyo unakwenda mbio. Usingizi ukawa wa kuokoteza. Katika kliniki alipelekwa kwa mshauri, akapewa dawa kwa muda, na hadi leo anamshukuru yule mshauri kwa kumwambia kwamba hana wazimu, ila ameumia mahali pasipofungwa bandeji.

Hata hivyo hakupanda tena. Alichukua kazi za chini tu: mageti, milango, kuta za kufikia kwa mkono. Kazi hizo hulipa kidogo, na kipato chake kikashuka hadi nusu. Mafundi wenzake wakampa cheo kipya, "fundi wa magoti". Alicheka nao mchana, na jioni hasira yote aliishushia nyumbani.

Mkewe, ambaye mtaani anajulikana kama Mama Mapacha, anafanya usafi katika zahanati. Ni mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya kupenya kuta mbili. Anapozungumzia miaka ile, sauti hiyo inapungua.

"Baba Mapacha alikuwa kama maziwa motoni," anasema. "Unamwangalia, ametulia. Ukigeuka kidogo tu, amefurika. Wanangu walikuwa wanacheka vizuri sebuleni. Wakisikia geti, kimya. Mimi kelele nazivumilia. Kile kimya ndicho kilichoniuma."

Mapacha wao ni wasichana wa miaka kumi na minne. Mmoja wao anakumbuka kwamba walikuwa wakifunga milango kwa kuibana na vidole vyao ili isilie.

Mwaka jana, msimamizi mmoja wa kazi za rangi alipata zabuni ya kupaka chuo kidogo cha muziki. Chokaa akapewa milango ya korido ya chini. Siku ya kwanza alikuwa amepiga magoti, anasugua mlango kwa msasa, aliposikia kitu kutoka ndani ya chumba.

"Nilidhani kuna seremala humo anapasua mbao," anasema, na Mrefu anaanza kucheka kabla hadithi haijafika. "Nikasema moyoni, sasa seremala gani huyu anayefanya kazi taratibu hivi, atamaliza lini?"

Sauti ilikuwa moja, nzito na ya chini, ikivutwa polepole hadi mwisho, kisha ikirudi ilikotoka. Haikuwa na haraka ya kwenda popote. Chokaa aliacha msasa. Anasema aliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Ilipokoma, aligundua jambo lililomshangaza: mlango wa mbele wa chuo ulikuwa umepigwa na upepo kwa kishindo, wanafunzi wakaruka, na yeye hakushtuka.

"Nilikaa pale chini kama mtu aliyevua viatu baada ya safari ndefu. Sikujua ni nini. Nikajua tu kwamba sitaki kuhama pale."

Na hakuhama. Milango mingine ilipakwa rangi mikono miwili. Mlango ule ulipata wa tatu, halafu wa nne. Siku moja ukafunguliwa ghafla, brashi ikaingia ndani pamoja na mkono wake, akajikuta uso kwa uso na mwanamke mzee aliyevaa miwani yenye kamba.

"Fundi, mlango huu una ugonjwa gani?" aliuliza yule mwanamke.

"Rangi haishiki vizuri, mama."

"Haishiki? Mbona imenishika mimi gauni kila ninapopita?"

Mwanamke akaangalia ndoo, akamwangalia yeye, kisha akasogea pembeni. "Ingia ukae. Mlango umetosha."

Huyo ndiye mwalimu ambaye wanafunzi wake humwita Bibi Selo, kwa jina la chombo anachofundisha: kikubwa, cha nyuzi nne, mfano wa fidla iliyokuzwa hadi ikafika kifuani mwa mtu, ambacho mpigaji hukibana kwa magoti na kukipiga kwa upinde. Ana zaidi ya miaka sabini. Alistaafu, akarudi mwenyewe kwa sababu nyumbani, anasema, alikuwa akigombana na runinga.

"Aliniomba nimpigie ule wimbo anaoupenda," anakumbuka Bibi Selo. "Nikamuuliza, wimbo upi? Akauvuma. Nikacheka hadi nikatoa miwani. Nikamwambia, baba, huo si wimbo. Hilo ni zoezi la wanaoanza. Unavuta uzi mmoja tu, polepole, upinde uende wote bila kutetemeka. Wanafunzi wangu wanalichukia kuliko kitu chochote."

"Basi mimi ndilo lililonishika," alimjibu Chokaa.

Tangu siku hiyo akawa anaingia kila wakati wa chakula cha mchana, anakaa kwenye kona na kusikiliza. Mara nyingine mwalimu alimpigia vipande vya kweli, vyenye kupanda na kushuka, na alivipenda. Lakini kabla ya kutoka lazima aombe zoezi lake. Aliwahi kupewa upinde ajaribu mwenyewe. Sauti iliyotoka, kwa maelezo ya Mrefu aliyekuwa akipaka dirisha, ilikuwa ya paka aliyekanyagwa mkia. Chokaa akaurudisha upinde kwa heshima na hajaugusa tena.

Nyumbani alianza kurudi akivuma. Hilo lilimtia mkewe wasiwasi wa aina nyingine kabisa.

"Mwanamume aliyenuna miaka mitatu, ghafla anarudi anaimba, ananiuliza 'habari za kazi, mke wangu'. Nikasema haya, kapata mtu," anasimulia Mama Mapacha. "Nikaomba ruhusa kazini, nikavaa vizuri, nikaenda kumfumania."

Alimfumania. Aliusukuma mlango wenye mikono minne ya rangi na kumkuta mumewe amefumba macho kwenye kona, na mbele yake bibi wa rika la mama yake mzazi akivuta upinde.

"Niliona haya, natamani ardhi inimeze. Bibi akaniambia, 'Wewe bila shaka ndiye Mama Mapacha. Kaa, nafasi ipo.' Nikakaa. Nikamwangalia mume wangu. Mabega yake yalikuwa chini. Tangu aanguke sikuwahi kuyaona mabega yake chini. Mimi sijui muziki, lakini nililia pale kama mtoto."

Mtihani wenyewe ulikuja mwezi uliofuata. Chumba cha Bibi Selo kilikuwa na dari ya juu sana, yenye madoa ya maji, na ndicho kilichobaki. Msimamizi alitaka kumleta fundi mwingine. Mwalimu hakujua habari yoyote ya ubao wala mchanga, akasema anamtaka fundi wake wa mlangoni. Chokaa akakataa. Alipoona mwalimu amevunjika moyo, akamweleza yote, amesimama, ameikunja kofia yake mkononi.

"Nilitegemea aniambie jikaze wewe ni mwanamume," anasema. "Hayo nimeshaambiwa na wengi. Yeye akasema, 'Mimi habari za ngazi sizijui. Najua kupiga tu. Kesho nitakuwa hapa napiga. Ukipenda panda, usipopenda kaa usikilize kama kawaida.'"

Kesho yake Mrefu aliishika ngazi chini kwa mikono yote miwili. Bibi Selo akaketi karibu na dirisha na kuanza zoezi. Chokaa alipanda vidato viwili, akashuka. Upinde ukaendelea. Akapanda tena vitatu, akashuka, akaenda nje kunywa maji. Siku ile dari haikuguswa, na mwalimu hakuuliza itaguswa lini.

Siku zilizofuata alijifunza kupanda kwa pumzi ya ule upinde: unapovutwa, anapanda, unapogeuka, anasimama. Wakati mmoja, akiwa katikati, kiti kilianguka chumba cha jirani kwa sauti ile ile kavu ya ubao. Aliikumbatia ngazi, akafumba macho. Mrefu anasema uso wa rafiki yake uligeuka kama majivu.

"Nikamwambia, ndugu yangu, shuka, tumejaribu," anasema Mrefu. "Akasema, 'Ngoja amalizie.' Mwalimu akamalizia, akaanza upya. Jamaa akafungua macho, akapanda. Nilisikia rola inagusa dari. Jamani, sijawahi kufurahi kumwagikiwa na rangi usoni kama siku ile."

Chokaa alilipaka lile doa la kwanza, akashuka, akaketi sakafuni. Bibi Selo aliweka upinde chini na kusema kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu amempata mtu aliyelifaidi lile zoezi.

Dari ilimalizika. Msimamizi akampa kazi nyingine za juu, na sasa hivi yumo katika jengo hili la ghorofa nne. Simu yake imejaa muziki wa nyuzi aliotafutiwa na mapacha, ambao mwanzoni walimwambia, "Baba, huu ni wa kuzikia watu." Jioni hukaa nao kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mmoja akitafuta, mwingine akikosoa. Kazini hasikilizi chochote kwa vidude vya masikioni. "Huku juu lazima umsikie mwenzako akisema 'angalia!' Ndiyo maana navuma mwenyewe."

Akiulizwa kama amepona, anakwangua rangi kwenye kucha.

"Hofu ipo. Nisikudanganye. Asubuhi nikivaa mkanda inaniamkia. Ila zamani ilikuwa inazunguka nyumba nzima, inalala kitandani kwetu, inakaa na watoto wangu mezani. Sasa ina kona yake. Tunasalimiana, kila mtu anaendelea na kazi."

Sasa ana mpango, na ameshaanza kuutekeleza. Kama za mafundi wengi, nyumba yake mwenyewe ilikuwa haijaona brashi kwa miaka. Wiki hii anapaka sebule rangi ya maziwa, dari pamoja nayo, kwa sababu Bibi Selo amekubali kuja Jumapili mchana na chombo chake. Mama Mapacha ameanza kuazima viti mtaani. Tatizo ni moja: mpigaji anahitaji kiti kisicho na mikono, na viti vyote vya nyumba hiyo vina mikono. Chokaa amependekeza kukikata kimoja kwa msumeno. Mkewe amekificha chumbani.

Majirani wote wa pande mbili wamealikwa, hata wale ambao kwa muda mrefu walikuwa wakimpita bila kumtazama. Kuta za nyumba hizo ni nyembamba, na anajua walichokuwa wakikisikia.

"Miaka mitatu wamesikia kelele zangu kutoka ndani ya nyumba hii," anasema, akisimama na kujifunga tena mkanda. "Sikuwahi kujua niwaombe radhi vipi. Nataka Jumapili tufungue madirisha."