Siku Niliyojitia Mahututi Mbele ya Askari wa Lango

Wenzangu, nikiwaambia kwamba niliwahi kubebwa kitandani mchana kweupe na wanaume wanne, nimefunikwa leso gubigubi, ilhali mimi ni mzima sina hata chunusi, na nikafichuliwa mbele ya umati wa wagonjwa nikitafuna kashata, msicheke kwanza. Aibu ni yangu, nitawaambia mwenyewe pa kucheka.

Uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka, nami nasoma darasa la saba, mdomo mrefu kuliko kimo (mwalimu ndiye aliyesema, mimi nimekubali tu). Bibi yangu mzaa mama alikwenda mwambani kutafuta pweza, akakanyaga taa, na mwiba wa yule samaki ukamwingia juu ya kifundo. Akanyamaza nao siku tatu. Siku ya nne mguu umevimba, ngozi inang'aa kama bilauri, homa inamtetemesha, na mjomba wangu, ambaye amewaona wavuvi wengi waliochomwa na taa, akasema, "Mama, leo ikipita hivi hivi, mguu huu utakatwa." Ndipo akakubali hospitali. Tukapakiwa kwenye lori la samaki kutoka Shimoni, tukateremshwa langoni saa moja asubuhi, mjomba akaendelea na samaki wake wasije wakaoza. (Hospitali gani siitaji, dada zangu bado wanazalia pale.)

Langoni palikuwa na askari mrefu wa kaki, vifungo vya shaba vinamemeta, rungu kwapani. Juu yake bendera mpya inapepea, lakini yeye mwenyewe alikuwa bado wa zamani.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Shikamoo yangu ikabaki hewani kama nguo kwenye kamba.

"Mgonjwa nani?"

"Bibi huyu, ana mwiba wa taa mguuni."

"Amekuja kwa miguu yake?"

"Ametoka pale kwenye lori tu, baba, hatua kumi."

"Hatua ni hatua. Anayetembea si mahututi. Benchi!"

Benchini tukamkuta mwanamke aliyeungua mkono kwa mafuta ya maandazi, ameufunga kwa jani la mgomba, na mzee anayekohoa mpaka kofia inamdondoka. Wote makosa yao ni yale yale: walikuja wakitembea. Tukakaa. Jua likapanda. Saa tatu. Bibi akaanza kuzungumza na babu yangu, na babu yangu alikuwa ameshakufa zamani, nikaogopa sana.

Hapo ndipo wakaja wanaume wanne wa bara na mgonjwa juu ya kitanda cha kamba. Wallahi hakuulizwa hata jina! Askari alifungua lango lote, akapiga na saluti. Punde wale wanaume wakatoka na kitanda kitupu, wakakaa kivulini kupumzika. Nikamwinamia bibi.

"Bibi, lala pale kitandani wakuingize."

Akazinduka kabisa. "Nibebwe? Mimi nitabebwa siku moja tu, mke mwenzangu, na siku hiyo sitakuwa na habari. Kama unakitaka kitanda, lala wewe!"

Bibi alikuwa anafoka tu, lakini mimi nikaona ni shauri jema. Ikiwa kitanda ndicho kinachofungua lango, kuna ulazima gani alale mwenye mguu? Mlezi wa mgonjwa si huingia naye? Nikawaendea wale wanaume, nikawaeleza, mkubwa wao akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi watoto wa pwani mna wazimu. Panda!" Nikapanda, nikajifunika leso mpaka usoni, na kwa woga nikatia kipande cha kashata mdomoni. Bibi, kwa kuwa njia nyingine hatuna, akashika mguu wa kitanda akichechemea na kusonya.

Nikaguna. Nikakoroma. Nikarusha na mkono mmoja (huo ulikuwa ufundi wangu binafsi). Sikujua kwamba nitamwingia askari moyoni: alitutangulia mbio akipiga kelele, "Pisheni! Mahututi! Mtoto anakata roho!" Watu ukumbini wakasimama, kina mama wakaanza kulia, mtu akaanza kunisomea Yasini, na sista akaja na sindano ndefu kama ya kushonea magunia. Akafunua leso. Nikamtazama. Akanitazama. Kashata ikavunjika mdomoni, kau!

"Huyu anakula!"

Nikaruka ili nikimbie, kamba ya kitanda ikanasa gauni langu la skuli, likapasuka nyuma toka kiunoni hadi pindoni, nikaanguka kifudifudi miguuni pa askari. (Sasa chekeni.) Ukumbi mzima ulicheka, hata yule wa Yasini. Askari akaninyanyua kwa sikio. "Umenifanya mjinga mbele ya watu!"

"Mgonjwa ni bibi yangu!" nikapiga kelele. "Mtazameni mguu!"

Bibi akapandisha leso yake mpaka gotini. Kicheko kikakatika. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa pale, akapiga magoti, akaugusa mguu kwa kidole kimoja, akainua uso.

"Mama huyu amefika saa ngapi?"

"Saa moja," nikasema.

"Alikuja kwa miguu, bwana," askari akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Dresa akainuka. Alimwingiza bibi chumbani, akapasua, akatoa kipande cha mwiba kirefu kama kidole cha mtoto, kisha akatoka akawaita wote wa benchini waingie. Mguu ulipona, wenzangu. Haukukatwa.

Mimi je? Sista alinipa pini mbili za gauni, na adhabu ya kufagia uwanja wa hospitali mpaka alasiri, msimamizi wangu akiwa askari yule yule. Kila anayepita ananinyooshea kidole: "Mahututi huyo!" Niliosoma nao wananiita hivyo mpaka leo. Mara akaja mtu langoni kwa miguu, ameshika tumbo. Askari akamtazama, akanitazama mimi na ufagio wangu, akakohoa.

"Unaumwa wapi, ndugu yangu?"

Kitandani kwa watu sipandi tena, naapa, na kashata nitakula nyumbani. Lakini uwanja ule niliufagia kichwa juu, pini zikinichoma mgongoni, na sikuacha hata jani moja.