Waliohesabiwa kwa Chira

Mama yangu hakudanganya. Hilo nalisema hata siku ambazo nimemkasirikia. Daktari wa Kisumu alimuuliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua kansa ya damu, ile iliyokuwa inammaliza ndugu yangu, naye akajibu hakuna. Kwake yeye hakukuwa.

Kwetu Asembo, baba mdogo alikufa akiwa na michubuko mwili mzima kama mtu aliyepigwa. Watu wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko: alijenga boma lake kabla kaka yake mkubwa hajajenga. Shangazi alipofuata, fizi zikimtoka damu, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Chira imeingia nyumba ile, basi. Aliyekufa kwa chira hahesabiwi pamoja na waliougua, na daktari aliuliza waliougua.

Mimi ndiye niliyekuwa nimpe ndugu yangu uboho wa mifupa yangu. Vipimo vyetu vililingana. Alifurahi, akanitania kwamba akishapona atakuwa na mdomo kama wangu. Mdomo huo ndio ulioniponza. Siku ya kusaini fomu nilimweleza daktari habari za baba mdogo na shangazi. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikaendelea.

Daktari akaweka kalamu chini, akataka damu yangu ipimwe tena, safari hii kutafuta kasoro ya kurithi. Ilikuwepo. Sikuwa mgonjwa, lakini uboho wangu haukufaa tena, na hatukuwa na ndugu mwingine.

Tulimzika kabla ya mvua za masika. Mwaka mzima mama hakunisemesha zaidi ya salamu. Hata leo namwona ndugu yangu kila mahali, amekaa kitandani ananingoja, na ninaogopa kumkaribia.

Kisha binti yangu wa miaka tisa akatokwa na michubuko magotini. Ni kuruka kamba tu, nilijiambia. Nilimpeleka kupimwa, na mama akaja bila kuitwa. Muuguzi alipouliza habari za familia, nilishindwa kusema. Mama akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Andika," akamwambia. "Shemeji yangu. Dada yake. Mwanangu."

Kisha akanielekezea kidole. "Na huyu pia anayo."

Muuguzi akatuandika wote wanne kwenye orodha moja, mimi chini ya ndugu yangu.