Ndege ya Frigolite na Fundi wa Treni

Ndege yangu ya rimoti ilikuwa ya frigolite, ile mousse nyeupe inayokuja imezunguka televisheni mpya ndani ya katoni. Niliinunua kwa dereva wa lori aliyeipitisha mpakani Kasumbalesa chini ya kiti chake, na alinisifia kila kitu isipokuwa mota. Sasa naelewa kwa nini. Ikikutana na upepo, ndege ile ilisimama hewani kama inafikiri, kisha ikarudi nyuma taratibu, mkia mbele, mpaka kwenye ukuta wa jirani.

Kubadilisha mota ya ndege kama hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu sisi ilituchukua zaidi ya miezi miwili. Unatoa mota ya zamani, unafunga ile mpya isiyo na brashi, unaweka variateur inayolingana nayo, yaani kile kidude kinachoigawia mota umeme wake, kisha unatafuta betri yenye nguvu zaidi lakini isiyo nzito. Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye shule ya sekondari. Nilijua yote hayo. Vifaa vyenyewe nilikuwa navyo tayari, ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati.

Tatizo lilikuwa baba. Alikuwa fundi wa mashine za treni maisha yake yote, na tangu mama afariki alikuwa akikaa nasi. Juma moja alitutangazia mezani, huku akipakua bukari, ugali wetu, kwamba anakwenda Mitwaba kwa mdogo wake, akalime, na harudi. Baba yangu kulima! Mtu ambaye hata ua mbele ya nyumba aliukata kwa msumeno wa chuma. Alisema hapa mjini hakuna tena kitu kinachongoja mikono yake. Begi lake lilikuwa limefungwa na kusimamishwa karibu na mlango.

Nilitaka abaki. Nilitaka sana. Lakini kwetu sisi watoto wa reli, mtoto hamwombi baba yake jambo zito uso kwa uso. Ombi linapitia kwa baba mdogo, kama vile wafanyakazi walivyopitia kwa délégué, mjumbe wao, kwenda kwa wakubwa, na jibu linarudi kwa njia ileile. Na baba mdogo wangu wa pekee ni yule wa Mitwaba, ambaye tayari alikuwa amepiga simu kusema chumba kimepakwa chokaa.

Basi nikaiweka ndege mezani.

"Baba, mota ya hii ndege iko zaifu. Munaweza kuniangalilia?"

Akavaa miwani. Akaigeuza huku na huku, akaigonga pua kwa kucha, akalisukuma begi kwa mguu mpaka chini ya kiti. "Shida haiko mota," akasema. "Iko nyepesi sana. Machini nyepesi inateleza. Nguvu bila uzito haivute kintu."

Kwa treni ni kweli kabisa. Treni isiyo na uzito inazungusha magurudumu yake palepale juu ya reli. Ningemweleza kwa dakika mbili kwamba hewani hakuna reli. Badala yake nilisema, "Ni kweli, baba," na aibu hiyo ni yangu.

Juma la kwanza alikata kipande cha bati, akaikunjia pua yote. Juma la pili akafunga mota mpya kwa bulonyi nne, bolti ambazo zingeweza kushikilia lango la parokia. Nyaya nyembamba alizidharau, akaweka shaba nene aliyoitoa kwenye mita ya zamani. Kisha akaingia kwenye suala la umeme, na hapo mtaa mzima ukaingia naye.

"Betri moja tu?" akaniuliza. "Na courant ikikatika kule juu?"

Muntu wa Lubumbashi hawezi kulijibu swali hilo. Kwangu kuna waya wa umeme, kuna paneli ya jua, kuna betri ya gari chini ya meza na mishumaa kwenye droo, na bado majirani wananihurumia kwa kukosa jenereta. Mama anayeuza fretini, wale samaki wadogo wakavu, mbele ya lango letu alisema papa yangu eko na haki, ndege bila betri ya secours, ile ya akiba, ni ya bantu bajinga. Tukaweka betri ya pili, na swichi kubwa ya kuhamisha umeme kutoka moja kwenda nyingine. Nani angeibonyeza swichi hiyo ndege ikiwa juu, hakuna aliyeuliza. Mimi nilijua kwamba hayupo, nikashika bisibisi na kuifunga.

Tuliijaribu Jumapili moja baada ya misa, kwenye uwanja wa mpira, mbele ya nusu ya kwaya. Ndege ilinguruma, ikaondoka, ikakimbia uwanja mzima ikitimua vumbi, wala haikuinua hata gurudumu moja. Ikaingia golini na kuusukuma wavu mpaka ukakaza. Watu wakapiga makofi. Baba akanishika mkono.

"Umeona vile inavuta?"

"Inavuta sana, baba."

Njiani mke wangu alitembea nami nyuma ya wengine. "Weye mwalimu," akasema, "hii kintu itaruka siku gani?"

Nikamwambia ukweli: siku itakayoruka, baba ataondoka. Tukapita pampu ya maji.

"Basi, ongeza chuma," akasema.

Lakini baba hakuwa mjinga. Asubuhi moja nilimkuta mbele ya lango, kwenye mizani ya yule mama wa fretini, akipima kipande kimoja kimoja. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokuja na mota, ambayo mimi niliificha chini ya kopo, imeandikwa kwa Kifaransa gramu ambazo mota inaweza kuinua. Bati lilikuwa limetupwa chini. Bulonyi zilikuwa chini, na betri ya secours, na shaba.

"Treni haipande juu," akaniambia bila kunitazama. "Hii ni kazi ingine."

Siku mbili zikamtosha. Alichonga kiti cha mota kwa ubao mwembamba, akakiinamisha kidogo kabisa. Alikata nyaya fupi na kuzilehemu vizuri kuliko nitakavyoweza mimi maishani. Betri moja ileile aliisogeza mbele, nyuma, mbele tena, mpaka ndege ikatulia sawasawa juu ya ncha za vidole vyake viwili. Kazi ilikuwa safi mno, na mimi roho iliniuma. Jioni ile begi lilirudi karibu na mlango.

Jumapili iliyofuata ndege iliondoka ardhini baada ya hatua tano. Ikapanda juu ya goli, juu ya paa la shule, ikazunguka na kurudi ikiimba sauti moja nyembamba. Kwaya ilipiga vigelegele. Baba alivua kofia. Nilifurahi, kweli nilifurahi, na papo hapo nikaona chumba cha Mitwaba na chokaa yake. Sijui kama niliamua. Nilisukuma fimbo ya rimoti, ile inayoinamisha pua, mbele mpaka mwisho.

Ndege iliingia ardhini kwa pua. Frigolite ilitawanyika mpaka kwenye miguu ya watu.

"Upepo," nikasema kwa sauti kubwa.

"Jicho ya bantu!" akasema mama wa fretini.

Baba hakuitazama ndege hata kidogo. Fundi wa treni, mashine ikigonga, anatazama kwanza mikono ya dereva.

"Upepo haikukuwa," akasema polepole. "Miye nilikuwa naangalia mukono yako. Ulisukuma mbele. Juu ya nini? Sababu gani?"

Hapakuwa na délégué pale uwanjani. Nilikuwa mtu mwenye mvi ndevuni, nina rimoti shingoni, mbele ya waimbaji wa kanisa.

"Baba, musiende."

Nilikuwa nimeyazungusha maneno hayo miezi miwili kwa bati na bulonyi, na yalipotoka yalikuwa mepesi hivyo. Baba akainama, akaitafuta mota katikati ya vipande. Akaizungusha kwa kidole, akaipuliza, ikazunguka. Akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Ungesema tu," akasema. Kisha akakohoa, akavaa kofia yake, na kutazama upande wa barabara. "Na siwezi kwenda sasa. Njia ya Mitwaba iko matope mingi. Nitangoja kwanza mvua iishe."

Ilikuwa mwezi wa saba. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne, na suruali zetu sote wawili zilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini.